Kusugua benchi Kariakoo hadi lini?

Mbwana Samatta alipoondoka Simba mwaka 2011 hakukimbilia Ulaya. Alikwenda Lubumbashi kugombania namba TP Mazembe, timu iliyojaa majina. Mwaka 2015 akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika, Januari 2016 akatua Genk, na Machi 2020 akaitungua Manchester City pale Wembley akiwa na Aston Villa. Fainali hiyo, siyo bonanza.

Simon Msuva naye alikuwa na ufalme wake Jangwani, lakini 2017 akabeba begi kwenda Difaa El Jadida ya Morocco.

Sasa dogo wa miaka 22 anasaini Simba au Yanga, anapigwa picha na jezi, halafu msimu mzima anapasha misuli pembeni. Ikija ofa ya Zambia, anasema ni mbali!

Ukweli usemwe, mkwanja wa Kariakoo ni mtamu, na mwenye namba ya kudumu ana haki ya kutulia. Ila huyu anayeingia dakika ya 88 analinda nini? Taifa Stars ikimwita, mabeki wa watu wanamkuta hana hata pumzi ya kipindi kimoja.