Kabla ya Safari, Tutume Swali



Tangazo hili tumelizoea baada ya Misa: muumini mwenzetu anasumbuliwa na moyo, anatakiwa kupelekwa India, familia inaomba mchango. Viongozi wa jumuiya wanahimiza, WAWATA wanazunguka na bahasha, ukoo unauza ng'ombe au kiwanja. Ukarimu huo ni mzuri na asitokee wa kuubeza. Hoja yangu ni moja tu: pale tatizo linapokuwa la mapigo ya moyo, na mgonjwa hayuko katika hatari ya papo hapo, swali litangulie kwenda nje. Mgonjwa mwenyewe asafiri endapo jibu litasema asafiri.

Kwa nini nasema mapigo ya moyo? Moyo huendeshwa na umeme wake wenyewe. Kwa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Umeme huo ukikwama njiani, moyo hupiga polepole mno na mtu anaweza kuzimia. Ukizunguka katika njia isiyo yake, moyo hukimbia ghafla na kutulia ghafla. Vyumba vya juu vikitetemeka badala ya kupiga, damu hutuama humo na kuganda, na bonge likifika kwenye ubongo huleta kiharusi. Hitilafu hizi huonekana katika karatasi ya ECG, mradi kipimo kichukuliwe wakati zinatokea. Karatasi hiyo ikipigwa picha vizuri, daktari bingwa aliye mbali anaisoma kama anavyoisoma aliye chumba cha pili.

Wala jambo hili si geni. Willem Einthoven, mwanasayansi wa Leiden, Uholanzi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi yake ya ECG, alikuwa na mashine kubwa isiyoweza kubebwa hadi wodini. Mwaka 1905 alitumia waya wa simu kuunganisha hospitali na maabara yake, umbali wa kama kilometa moja na nusu. Mgonjwa alibaki hospitalini, umeme wa moyo wake ndio uliosafiri. Leo simu ya mkononi ya katekista inaweza kuifikisha picha hiyo bara jingine kwa dakika moja.

Hata hivyo, swali bovu huleta jibu bovu. Kutuma ujumbe kwa padre wetu anayesoma Roma, "Padre, tutafutie daktari wa moyo," hakutoshi. Anayeombwa maoni anahitaji ECG kamili yenye mistari 12, hasa iliyochukuliwa wakati moyo unakwenda kombo. Kama tatizo huja na kuondoka, anahitaji majibu ya kifaa kinachovaliwa mwilini saa 24 au zaidi. Anahitaji ripoti ya echo, orodha ya dawa zote na vipimo vyake, na maelezo mafupi: tatizo lilianza lini, huja ghafla au polepole, mgonjwa amewahi kuzimia, kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana? Mwisho, aulizwe jambo mahususi: je, huyu anahitaji betri ya moyo? Je, dawa hii inamfaa?

Na zaidi ya hayo, aelezwe mgonjwa anaishi wapi. Daktari wa Ulaya anaweza asikumbuke kuuliza kama mgonjwa alitumia kwinini majuma mawili yaliyopita, na kwinini inaweza kuvuruga umeme wa moyo. Vilevile kwetu wapo wengi ambao valvu za moyo ziliharibika kutokana na maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa ipasavyo. Utafiti uliofanyika katika nchi za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba wagonjwa wa namna hiyo wenye mtetemo wa vyumba vya juu walinusurika zaidi kwa dawa za zamani za jamii ya warfarin kuliko kwa rivaroxaban, ambayo ni mpya. Bingwa asiyeambiwa habari za valvu anaweza kushauri dawa mpya kwa nia njema kabisa.

Ndiyo maana daktari wa hapa asirukwe. Wapo wanaoona haya kumwambia kwamba wanataka maoni ya pili, wakidhani atajiona amedharauliwa. Daktari mwadilifu hachukii kuulizwa. Yeye ndiye atakayeandika rufaa, atakayelipokea jibu na kulitekeleza. Tena mara nyingi bingwa anayetafutwa nje yupo karibu. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, huweka betri za moyo, na timu za madaktari kutoka nje huja kufanya kazi na wenyeji pale. Mwanza tunayo Bugando, hospitali ya rufaa iliyo chini ya Baraza letu la Maaskofu. Tuanzie huko.

Jambo jingine ni siri ya mgonjwa. Karatasi yenye jina na umri wake haipaswi kuzunguka katika kundi la WhatsApp la parokia. Itumwe kwa anayehusika tu, jina limefunikwa, na mgonjwa mwenyewe ameridhia. Akiwa na akili timamu, aulizwe yeye kwanza, kabla ya wajomba na shangazi.

Kuna watakaosema kuhesabu gharama mbele ya uhai ni upungufu wa imani. Kanisa halifundishi hivyo. Papa Pius XII, akizungumza na madaktari mwezi Novemba 1957, alieleza kwamba wajibu wetu ni kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, kwa kuzingatia hali ya mtu, mahali na nyakati. Hatulazimishwi kubeba mzigo usiobebeka. Safari inayomaliza ada za watoto na shamba la familia, huku jibu lingeweza kupatikana kwa barua pepe, si kipimo cha upendo. Lakini mafundisho hayo yasigeuzwe kisingizio cha kumwacha maskini. Kama jibu ni kwamba safari inahitajika, hapo ndipo bahasha zizunguke kwa nguvu zote.

Ninyi mafrateri, kesho mtakuwa maparoko, na tangazo hilo litapita mikononi mwenu kabla ya kusomwa. Ulizeni mambo matatu: ECG ipo? Daktari wa hapa anasema nini? Bingwa ameulizwa? Kama bado, mchango wa kwanza ulipie vipimo hivyo. Na anayezimia, anayebanwa kifua au kushindwa kupumua, asingoje jibu la mtu yeyote. Apelekwe hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo, na padre aitwe kwa Mpako wa Wagonjwa, kwa maana sakramenti na daktari havigombani.