RAFIKI WA MBALI NA MPAKA WA BUHA

Ndugu wanachama, katika barza zetu husemwa: tungojeni, wako wakubwa wa Ulaya wapendao haki, watatusemea. Rafiki hadharauliwi, lakini na tuyatazame maisha ya mmoja wao.

Emile Vandervelde, msoshalisti wa Ubelgiji, alizaliwa mwaka 1866. Bungeni aliupinga bila ya woga ukatili wa Mfalme Leopold katika Kongo. Mwaka 1909 alisafiri hadi Leopoldville kumtetea mahakamani William Sheppard, mmisionari mweusi wa Kimarekani, aliyeshtakiwa kwa kuandika dhulma waliyotendewa watu wa Kasai. Sheppard akaachiwa. Wema huo hatuufichi.

Ikaja vita. Mwaka 1916 majeshi ya Kibelgiji yaliiteka Kigoma, na Buha, yaani Kasulu na Kibondo, ikawa chini yao. Vita ilipokwisha, Vandervelde alikuwa Waziri wa Sheria, tena mmoja wa Wabelgiji watatu waliotia saini Mkataba wa Versailles mwaka 1919. Mwezi wa Mei mwaka huo Orts wa Ubelgiji na Milner wa Uingereza walikwisha gawana: Ruanda na Urundi kwa Mbelgiji, Buha kwa Mwingereza. Mwaka 1921 bendera ikabadilishwa. Waha, ambao lugha yao na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, hawakuulizwa; na msoshalisti alikuwamo katika serikali iliyogawana.

Mwaka 2015 Warundi waliokimbia nchi yao walijaa Nyarugusu, Kasulu, na Nduta, Kibondo. Walisemezana na wenyeji bila ya mkalimani, lakini kwa karatasi wakaitwa wageni.

Nasi wa visiwani twayajua hayo. Mwaka 1890 Mwingereza na Mjerumani walipatana juu ya Unguja, Pemba na mrima, na Heligoland ikawa sehemu ya bei.

Funzo ni hili: mtu mwema ndani ya serikali isiyouliza watu hutia saini kama wengine. Mwaka 2010 Wazanzibari waliulizwa kwa kura ya maoni juu ya serikali ya umoja wa kitaifa, na thuluthi mbili wakakubali. Hiyo ndiyo njia. Basi kila tawi na lidai kusomewa mapatano yoyote kabla ya wino kukauka, hata yakiletwa na viongozi wetu wenyewe tuwapendao. Asiyeulizwa leo, kesho huonyeshwa mpaka.