Mbio za Derby: Daftari ndilo linalompa mnyama bei

WENGI wakisikia mbio za farasi za Derby, zinazofanyika kila mwaka Epsom nchini Uingereza, hufikiria kofia za mabibi na fedha za kamari. Mfugaji anayezitazama kwa jicho la biashara ataona jambo jingine. Zile mbio ni mtihani wa mbegu, na mtihani huo hauna maana bila daftari.

Zilikimbiwa kwa mara ya kwanza Mei 4, 1780, katika uwanja wa nyasi, farasi tisa wakishindana umbali wa maili moja. Mwaka 1784 umbali uliongezwa kuwa maili moja na nusu, takriban mita 2,400. Wanaoruhusiwa kushindana ni farasi wa miaka mitatu tu, na siku hizi waliohasiwa hawaingii. Sababu ni kwamba mshindi hatafutwi kwa ajili ya siku moja, bali akazae. Dume akishinda Epsom, wafugaji hulipa ada kubwa apande majike wao.

Lakini nani atalipa ikiwa hajui mnyama huyo ni wa ukoo gani? Kwa ajili hiyo, mwaka 1791 familia ya Weatherby ilichapa toleo la utangulizi la kitabu cha koo za farasi wa mbio, kinachotaja baba na mama wa mnyama. Hadi leo, farasi asiye na ukoo uliosajiliwa hana nafasi katika mbio hizo.

Hata hivyo, karatasi peke yake haitoshi. Mwaka 1844 aliyefika wa kwanza alikuwa farasi aliyeitwa Running Rein. Baadaye ilibainika kuwa jina hilo lilikuwa la bandia: alikuwa Maccabeus, mwenye miaka minne, aliyeshindanishwa na wadogo zake. Kesi ilipofika mahakamani, jaji alitaka farasi aletwe akaguliwe, maana umri wa farasi husomwa kwenye meno. Farasi hakuonekana. Mmiliki aliyeandikishwa, mfanyabiashara wa nafaka, akaiacha kesi, na ushindi akapewa Orlando, aliyefika wa pili.

Wapo watakaosema kuwa kumbukumbu nazo hukosea. Diomed, mshindi wa kwanza wa 1780, alishuka thamani baada ya watoto wake kutofanya vizuri, na mwaka 1798, akiwa na miaka 21, aliuzwa Marekani kwa gini 50 tu. Huko akamzaa Sir Archy mwaka 1805, aliyekuja kuwa dume mashuhuri wa mbegu. Ni kweli, daftari halitabiri kila kitu. Lakini ni daftari hilo hilo lililowawezesha Wamarekani kujua kwamba damu ile ilitoka kwa Diomed na si kwa dume mwingine.

Mfugaji wa ng'ombe au mbuzi hapa Afrika Mashariki hahitaji uwanja wa mbio ili kunufaika na somo hili. Mnadani mnyama hupimwa kwa macho, na dalali ndiye mwenye neno la mwisho. Mwenye mtamba wa mama anayetoa maziwa mengi hulipwa sawa na asiyejua mtamba wake alizaliwa lini. Hiyo ni hasara inayojirudia kila msimu.

Daftari la shule linatosha kuanzia: tarehe ya kuzaliwa, baba, mama, maziwa kwa siku, chanjo na magonjwa. Mnyama awe na hereni yenye namba, na ofisa mifugo au kikundi cha wafugaji kithibitishe yaliyoandikwa, kwani muuzaji hawezi kuwa shahidi wa mali yake mwenyewe. Mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye ng'ombe wawili anaweza kuanza na ndama atakayezaliwa mwezi huu.