Kikombe cha Fundi



Ndugu wasomaji wa ukurasa huu wa familia, juma hili tumependa kuzungumzia jambo ambalo huenda baadhi yetu wakaliona dogo, nalo ni chai tunayompa fundi anayefanya kazi nyumbani kwetu. Tumezoea kuandika juu ya ndoa, malezi na mirathi, na mtu ana haki ya kuuliza: chai nayo ina haja gani ya kuandikiwa? Jibu letu ni kwamba tuliyoyashuhudia Akheri ndani ya siku moja yametufunza kuwa kikombe kimoja chaweza kubeba haki ya mtu na heshima ya nyumba nzima.

Akheri, kwa wasioifahamu, iko kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu ya Tengeru, wilayani Arumeru. Ni nchi ya migomba na kahawa. Miezi ya Juni na Julai ukungu hushuka hadi mashambani, na kuna siku jua halionekani mpaka mchana. Ng'ombe hufugwa zizini nyuma ya nyumba, kwa hiyo maziwa hayako mbali, na chai ya maziwa yenye tangawizi ndiyo kinywaji cha kila siku. Katika baridi ile, mtu aliyeanza kukoroga zege saa mbili asubuhi kwa maji yanayokata vidole, ifikapo saa nne anahitaji kitu cha moto. Kwake hiyo si anasa.

Tulikuwa wageni wa jamaa yetu mmoja huko. Siku hiyo walikuwapo mafundi wawili na saidia fundi mmoja, wakijenga ukuta wa mawe nyuma ya jiko ili udongo wa mlimani usiporomoke mvua zikija. Saa nne ilipofika tulikaribishwa chai sebuleni, katika vikombe vya udongo vyenye visahani, pamoja na magimbi ya kuchemsha. Muda kidogo baadaye tukamwona binti wa nyumba ile akipita na birika na kikombe kimoja cha plastiki, kilichomeguka ukingo, ambacho kwa kawaida hukaa nje chini ya bomba. Watu watatu, kikombe kimoja. Tunakiri mbele yenu kwamba tuliona na tukaendelea kunywa. Haikutujia kuwa kuna neno la kusema.

Aliyesema ni bibi wa nyumba ile, mama yake mwenyeji wetu, na hakusema kwa maneno. Aliinuka, akachukua vikombe vitatu kabatini, vya aina ile ile tuliyokuwa tukinywea sisi, akatoka navyo nje. Tukamsikia akisema, "Wanangu, tueni chini hayo mawe, mnawe, karibuni chai." Wakamwamkia, naye akaketi kibarazani akinywa yake hadi walipomaliza.

Lau yangeishia hapo, tusingekuwa na makala. Jioni mwenyeji wetu alipokuwa akiwalipa, alimpunguzia kila mmoja shilingi elfu mbili, akisema kuwa wamekunywa chai na kula magimbi, na hivyo navyo vina gharama. Fundi mkubwa alizitazama zile noti, asijibu kitu. Bibi alikuwa karibu. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kama chai ile ilikuwa ya kuuza, ungewatajia bei kabla hawajanywa." Yule bwana akanyamaza kwa muda, kisha akatoa zile elfu mbili mbili na kuomba radhi.

Ndugu wasomaji, katika maneno yale ya bibi mna fiqhi kamili. Ijara ni mkataba, na sharti lake ni ujira ujulikane kabla kazi haijaanza. Mafundi wetu wanalijua hilo. Ndiyo maana tangu asubuhi huuliza kama kazi ni ya kula hapo hapo au kila mtu na chake. Mkikubaliana kuwa chakula kimo ndani ya malipo, ni halali yenu, na mtoe chakula cha kumtosha mtu wa kazi ngumu. Msipokubaliana, basi chai ni ukarimu wako, na ukarimu haukatwi jioni. Mtume (SAW) ametuamrisha kumlipa mwajiriwa ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Aidha, katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mwenyezi Mungu amewataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kwa ukamilifu, asimpe ujira wake. Tumuogope Mola wetu, tusije tukasimama mbele Yake kwa ajili ya elfu mbili za magimbi.

Kama chai si ujira, basi pia si sadaka ya kumrushia mtu. Fundi hakuja kuomba. Amekuja na ujuzi ambao sisi hatuna, na akiondoka anatuachia ukuta utakaowalinda watoto wetu. Mtume (SAW) ametufundisha, katika hadithi ya Abu Hurayra iliyomo kwa Bukhari na Muslim, kwamba mtumishi anapotuletea chakula, kama hatukumketisha ale nasi, tumpe japo tonge moja au mawili, kwani yeye ndiye aliyeubeba moto wake na taabu yake. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya aliyekaa karibu na jiko letu, yuko wapi aliyebeba mawe yetu?

Tukumbuke pia Vita vya Handaki. Jabir bin Abdillah (RA) alimwona Mtume (SAW) ana njaa, akaandaa mbuzi mdogo na shayiri kidogo, akamwalika yeye na watu wachache. Mtume (SAW) akawaita wachimbaji wa handaki wote, na Mwenyezi Mungu akakitia baraka chakula kile, wakala wakashiba. Hakuridhia kula peke yake huku wenzake wa sururu wakibaki na njaa.

Na katika Suratul Kahf tunasoma habari ya Nabii Musa (AS) na mja mwema, ambaye wengi wa wanavyuoni wamemtaja kwa jina la Khidhr. Walifika katika mji, wakawaomba wenyeji chakula, wakanyimwa. Wakakuta humo ukuta unataka kuanguka, na mja yule mwema akausimamisha bila malipo. Mji ule haukutajwa jina. Tunachokijua juu ya watu wake ni kwamba walijengewa ukuta na hawakutoa chakula. Nani kati yetu angependa nyumba yake ikumbukwe hivyo?

Sasa tuyaeleze mambo ya utendaji, maana wasomaji wetu hupenda kuondoka na kitu cha kufanyia kazi.

Kwanza, tusiulize "Utakunywa chai?" Mtu mwenye haya atajibu kuwa ameshiba hata kama hakula tangu jana. Nabii Ibrahim (AS) alipojiwa na wageni, Qur'ani inatueleza katika Suratudh Dhaariyat kwamba aliondoka kimya kimya kwenda kwa watu wa nyumbani mwake, akaleta ndama aliyenona na kuwasogezea. Nasi tuandae, tulete, kisha tukaribishe. Akikataa baada ya hapo, tusimlazimishe.

Pili, tuhesabu vichwa. Mara nyingi chai huandaliwa kwa hesabu ya fundi, na saidia fundi akasahauliwa, ilhali ndiye anayebeba ndoo. Vikombe viwe sawa na idadi yao, na viwe vile tunavyonywea sisi.

Tatu, tutangulize maji na sabuni. Saruji huchoma ngozi, na rangi si kitu cha kuingia tumboni pamoja na andazi.

Nne, tuangalie kazi imefikia wapi. Zege likishakorogwa halimsubiri mtu. Fundi hawezi kuliacha likauke kwa sababu chai imeiva. Chai ikae kwenye chupa ya kutunza joto hadi atakapopata nafasi. Na aliye juu ya paa au ngazi asipelekewe kikombe huko. Aitwe ashuke, akae, anywe kwa utulivu.

Tano, sukari iwekwe pembeni, maana wenye maradhi ya kisukari ni wengi na si wote hupenda kutangaza. Vilevile, majirani zetu wa Meru wengi ni Wakristo, na miongoni mwao wamo Wasabato, ambao wengi wao hawanywi chai wala kahawa. Kwa hao, uji wa moto au maziwa ni karimu iliyo bora zaidi. Ujirani mwema hauchagui dini, na fundi asiye Muislamu ana haki ile ile kwenye kikombe chetu na kwenye ujira wake.

Dada zetu wametuuliza: ikiwa mume hayupo na mafundi ni wanaume, tufanyeje? Ni swali la msingi, kwani khalwa imekatazwa. Tunashauri kazi ipangwe siku ambayo mahram au mtu mzima mwingine yupo nyumbani, au jirani mwanamke aombwe aje kuketi nawe. Chai iwekwe kwenye sinia, juu ya stuli kibarazani, na kijana au mtoto wa nyumba awakaribishe. Hapo adabu ya sharia imehifadhiwa na mgeni amekirimiwa. Tusiifanye khalwa kuwa kisingizio cha kuwaacha watu na njaa hadi jioni. Na fundi naye ana adabu zake: asiingie jikoni bila kuitwa, asirefushe maongezi, na akishakunywa ashukuru na arejee kazini.

Kuhusu mchana wa Ramadhani, wanavyuoni wana maelezo marefu juu ya kumpa chakula asiyefunga kwa kuwa si Muislamu, na anayetaka hukumu amwendee sheikh wa msikiti wake. Sisi tunashauri njia ya wepesi: kazi isiyo ya dharura isogezwe baada ya Idd, au ifanywe nusu siku, na fundi aelezwe mapema ili ajipange. Kwa fundi Muislamu aliyefunga, tumpunguzie uzito wa kazi, na anapoondoka tumfungashie cha kufuturia.

Lipo jambo jingine linalohitaji tahadhari. Katika nchi yetu neno "chai" limevishwa maana chafu. Mtumishi wa umma anayekuja kurekebisha bomba au nguzo ya umeme akanywa chai yetu kibarazani, huo ni ukarimu. Akidai "chai" ya kutia mfukoni ili afanye kazi ambayo kwayo analipwa mshahara, hiyo ni rushwa, na Mtume (SAW) aliwahi kumkemea hadharani mkusanyaji zaka aliyerejea na zawadi, akihoji kama angezipata lau angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake. Vivyo hivyo, chai yetu isimzibe fundi mdomo wala isituzibe sisi. Ukuta ukiwa umepinda, tuseme umepinda, lakini tusiseme, "Na chai yetu umekunywa!" Mwenyezi Mungu ametuonya katika Suratul Baqara tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi, na kikombe kinachosimbuliwa kimekwisha kupoteza thawabu zake.

Mwisho, wazazi wenzetu, tujue kuwa watoto wanatutazama. Yule binti wa Akheri hakuzaliwa akijua kuwa kuna kikombe cha mgeni na kikombe cha fundi. Aliliona nyumbani, akaliiga. Na siku ile ile aliona jingine, kutoka kwa bibi yake, na kutoka kwa baba yake aliyekubali kukosolewa na kurejesha haki ya watu mbele ya wanawe. Hilo la pili nalo ni malezi makubwa.

Tulilala huko. Asubuhi ya pili, tulipokuwa tukiaga, mafundi walikuwa wamekwisha fika na binti alikuwa akiandaa sinia. Vikombe vyote vilikuwa vya aina moja. Kile cha plastiki tulikiona bandani, kinachotea pumba za kuku.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie mikono mikunjufu na atulinde na dhuluma, kubwa na ndogo. Wabillahi tawfiq.