Lori Dogo la Jeshi na Mzigo Wake

Wazee wa pwani husema, "Kazi mbi si mchezo mwema." Aghalabu methali hiyo hutumiwa kumkemea kijana aketiye barazani akikata mikebe na kukunja waya ili aunde motokaa ya kuchezea, hali jembe limelazwa ukutani. Methali ni ya haki, wala haifai kudharauliwa. Lakini kabla ya kumhukumu kijana huyo yapasa kutazamwa kwanza anachokifanya, maana kuna mchezo ambao ndani yake imo hesabu, imo subira, na zimo habari za watu.

Toka Mtwapa hata Malindi, na bara hata Ganze na Bamba, ni watoto wachache wasiojua kuunda lori la waya. Magurudumu hukatwa katika nyayo za ndara zilizochakaa, bodi hutoka katika mkebe wa mafuta ya kupikia, na usukani ni waya mrefu uinukao hata kifuani ili mwenye gari aliendeshe huku akikimbia nyuma yake. Hiyo ndiyo shule ya kwanza. Shule ya pili ni kisanduku cha vipande vya plastiki ambacho ndugu aliye Ulaya au Ghuba humletea kijana kwa zawadi. Ndani yake zimo sehemu zote za lori la kijeshi, nazo zangoja kuunganishwa kwa gundi. Wengi huziunganisha kwa jioni mbili, wakapaka rangi, wakaliweka lori juu ya kabati, wakadhani kazi imekwisha. Kumbe hapo ndipo inapoanza.

Mfano mzuri ni lori la Bedford QL. Liliundwa Luton, Uingereza, na kiwanda cha Vauxhall, likaanza kutumika jeshini mwaka 1941, na hata vita vilipokwisha mwaka 1945 yalikuwa yameundwa zaidi ya 50,000. Lilibeba tani 3. Injini yake ya petroli ilikuwa na silinda 6 na nguvu za farasi 72, nayo iliweza kuyazungusha magurudumu yote manne penye matope au mchanga. Dereva alikaa mbele kabisa, juu ya injini, wala lori halikuwa na pua ndefu kama malori mengine ya siku zile. Urefu wake ulikuwa karibu mita 6, na upana mita 2 na sentimita 26. Leo kampuni ya IBG Models ya Polandi hutoa visanduku vya lori hilo kwa kipimo cha 1:35.

Kipimo hicho maana yake ni kwamba kila sentimita 35 za lori la kweli zimefanywa sentimita 1. Kwa hiyo lori la mita 6 huwa sentimita 17 na kidogo, na tairi lenye kimo cha zaidi ya mita moja huwa sentimita 3 tu. Asili ya kipimo chenyewe yachekesha. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilipounda kifaru kidogo cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukubwa wake ulichaguliwa ili mota na betri vipate nafasi ndani. Kilipopendwa, makampuni mengine yakafuata kipimo hicho hicho, na hata leo ndicho kitumikacho zaidi kwa magari ya kijeshi.

Karani azoeaye hesabu ataona mara moja kasoro ya kwanza ya kisanduku. Plastiki ya milimita 1 katika lori dogo ni sawa na bati la sentimita 3 na nusu katika lori kubwa. Hakuna lori lenye mlango mnene kiasi hicho, ila labda kifaru. Basi fundi huanza kwa kuzikwangua kingo za milango, za mabawa ya magurudumu na za bodi, upande wa ndani, mpaka zionekane nyembamba. Mahali ambapo plastiki haikubali kukwanguliwa, huikata na kuweka kipande cha mkebe wa soda. Bati la mkebe huo lina unene wa karibu sehemu ya kumi ya milimita, yaani kama milimita 3 na nusu za lori kubwa, na hilo lakubalika. Afanye kazi hiyo kwa mkasi mzuri na kwa uangalifu, kwa kuwa bati la soda hukata kidole kabla mtu hajasikia maumivu.

Kasoro ya pili ni turubali. Turubali la plastiki hukakamaa kama paa la mabati. Dawa yake si ghali. Vyuma vilivyopinda vya kulishikilia hufanywa kwa waya mwembamba wa shaba uliotolewa katika mota iliyoungua. Juu yake hutandikwa karatasi laini ya kujifutia iliyolowekwa katika gundi nyeupe iliyochanganywa na maji. Ikiwa bado mbichi, huvutwa kidogo kwa kijiti ili ilegee baina ya chuma na chuma, kama turubali la kweli linavyolegea baada ya mvua. Ikauke usiku kucha. Kamba za kulifungia zaweza kupatikana katika nyuzi za katani, ambayo hulimwa kwa wingi pale Vipingo. Uzi wenye unene wa nusu milimita hutosha kabisa kuwa kamba nene. Na mbao za sakafu ya bodi hufanywa kwa njiti za makuti zilizopasuliwa na kulainishwa kwa msasa, kwa sababu mti wa kweli hushinda plastiki iliyochorwa mistari.

Rangi nayo hudanganya wengi. Lori la jeshi halimetameti, na lori dogo likipakwa rangi ile ile ya lori kubwa huonekana jeusi mno, kwa vile jicho hulitazama kama kitu kilicho mbali. Kwa hiyo fundi huongeza tone la rangi nyeupe, akatumia rangi isiyong'aa. Mwisho huja vumbi, na hapa mtu wa Kilifi ana mali asiyohitaji kuinunua. Hata hivyo achague. Mchanga wa Watamu ni mweupe, udongo wa Magarini na Marafa ni mwekundu, na tope liletwalo na mto Sabaki ni la kahawia. Lori lililotoka Marafa halina vumbi jeupe. Udongo hukaushwa juani, ukasagwa, ukachujwa kwa kitambaa, kisha ukapakwa kwa brashi kavu: mwingi penye magurudumu na chini ya bodi, kidogo penye mlango, na penye kioo huachwa ile nusu duara inayosafishwa na kifutio.

Baada ya yote hayo lori laweza kuwa zuri na bado likawa na uwongo ndani yake. Na tuchukue mfano wa kijana wa Mnarani aliyemaliza lori lake na kumpelekea babu yake, dereva mstaafu aliyebeba korosho na nazi miaka mingi, tena akivuka mkono wa bahari kwa feri kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991.

"Shikamoo, babu. Nimekuletea kitu ukitazame."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kilete hapa penye mwanga."

Mzee huligeuza lori polepole, akatazama chini yake kabla ya kutazama juu, kama afanyavyo dereva yeyote. Kisha husema, "Umejitahidi sana. Lakini lori hili halijapata kubeba kitu."

"Umejuaje, babu?"

"Tazama springi zake, zimepinda kama upinde. Lori lenye mzigo, springi zake hunyooka. Tazama na tairi: mviringo mtupu, kama sahani. Tairi lililobeba tani tatu huketi chini. Na hizi kamba umezifunga kama kifurushi cha sukari. Kamba ya lori huanzia nyuma ya kichwa, ikapita juu, ikavutwa na watu wawili. Mimi nimelala chini ya lori usiku kucha kwa sababu ya kamba iliyofungwa namna hii yako."

Maneno kama hayo humwuma kijana, maana amekwisha kusifiwa na rafiki zake wote. Lakini akiwa na moyo wa fundi atarudi barazani, atabandua magurudumu na kuanza upya. Atapunguza springi milimita 1, ambayo ni sentimita 3 na nusu katika lori kubwa. Atasugua tairi upande wa chini kidogo tu, zisionekane kama zimetoboka. Kisha atapiga hesabu ya mzigo. Tani 3 za kale za Kiingereza ni karibu kilo 3,050, na gunia la mahindi lina kilo 90. Basi lori litajaa kwa magunia 33, wala si 60, hata ikiwa nafasi ingalipo. Kila gunia litakuwa na urefu usiofika sentimita 3. Hufinyangwa kwa unga wa mbao na gundi, likavikwa kitambaa chembamba, likabonyezwa kidole katikati ili lilale juu ya mwenziwe. Magunia yaliyosimama wima kama askari katika gwaride hayajapata kuonekana katika lori lolote.

Mzigo huo una habari nyingine ambayo haimo katika karatasi ya kisanduku. Katika vita vya mwaka 1914 hata 1918 malori yalikuwa machache katika nchi hizi, barabara zilikuwa mbovu, na wanyama wa kubeba mizigo waliuawa na mbung'o. Vyakula na risasi vya majeshi vilibebwa na watu vichwani. Jina la Kariakoo huko Dar es Salaam, na la Kariokor huko Nairobi, yametokana na kikosi cha wapagazi hao, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mpagazi mmoja alibeba kama kilo 25. Kwa hesabu hiyo, lori moja la tani 3 ni sawa na vichwa 120 vya watu.

Watu wa Kilifi wana sehemu yao katika jambo hilo. Wagiriama walitakiwa kutoa vijana wao kwa kazi na uchukuzi, nao walikataa. Mekatilili wa Menza alikuwa amekwisha kuwaamsha watu tangu mwaka 1913. Agosti 1914 askari wa King's African Rifles walitumwa kupigana na Wagiriama, na damu ikamwagika. Katika vita vya pili mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1940 ndege za Italia zilitupa mabomu Malindi, na mwaka 1941 majeshi yaliyotoka Kenya yalisafiri kwa malori hata Mogadishu na Addis Ababa, yakiwa na madereva Waafrika wengi waliojifunza kazi hiyo jeshini na baadaye wakairudisha nyumbani. Hivyo basi katika nyumba moja lori la jeshi hukumbukwa kwa fahari, na katika nyumba ya pili askari hukumbukwa kwa huzuni. Kijana aundaye lori na aulize wazee wake kabla ya kuandika namba na alama za kikosi mlangoni, ajue anaandika jina la nani. Kuuliza huko hakumpunguzii starehe ya kazi yake, bali humzidishia.

Yabaki maonyo mawili. La kwanza, gundi ya plastiki na rangi ya mafuta zina mvuke mbaya. Zitumike nje au mbele ya dirisha lililo wazi, mbali na jiko na mbali na watoto wadogo. La pili, anayetaka vipimo asiende kusimama na futi na kamera mbele ya kambi ya Mariakani, maana kambi ya jeshi si mahali pa kupimapima, na atakayekamatwa hatasaidiwa na kusema kwamba alikuwa anacheza. Malori ya raia yapo katika kila gereji. Springi ni springi, na tairi ni tairi. Mafundi wa gereji hufurahi kumwonyesha kijana aulizaye kwa adabu, tena humpa waya na vipande vya mpira bure.

Ama yule mzazi mwenye methali, asiitupe methali yake. Na amwambie mwanawe alime kwanza, kisha jioni ampe nafasi ya barazani. Kijana ajuaye kupunguza milimita moja kwa sababu ameelewa uzito wa mzigo atakuja kuwa fundi wa mashine, au mwashi, au karani ambaye vitabu vyake havina makosa. Na lile lori likikamilika, na liwekwe mahali wageni watakapoliona, pamoja na magunia yake 33. Mgeni akiuliza kwa nini tairi zimeketi chini, kijana atakuwa na jibu, na jibu hilo litaanza na watu 120 waliotembea kwa miguu.