Shukrani Isiyongojea Mvua



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo lililo zito katika nyumba nyingi za Wakristo, nalo ni hili: mtu akiomba kwa imani, asipewe, je, atashukuruje?

Sisi wa Singida twalijua jambo hili kwa habari ya mvua. Nchi yetu ina msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Huanza Novemba au Desemba, hata Aprili umekwisha. Mtu hupanda mtama na uwele, na siku hizi alizeti, kisha hutazama mawingu. Mvua ikikatika mwezi wa Februari, kazi ya mwaka mzima yaweza kupotea katika majuma machache. Ndipo Wakristo hukusanyika kanisani kuomba. Mara nyingine mvua hunyesha. Mara nyingine hainyeshi.

Baada ya msimu wa namna hiyo mama mmoja alinijia, akaniambia, “Mwalimu, tuliomba siku tatu. Shamba langu limekauka. Jirani yangu asiyesali, mvua ilipita kwake. Nanyi mwasema tushukuru. Nishukuru nini?” Sikuwa na jibu la upesi, wala sikulitafuta. Mtu mwenye huzuni akijibiwa upesi, huona ya kuwa hakusikilizwa.

Basi, kuna mambo tusiyopaswa kumwambia mtu kama huyo. Kwanza, tusimwambie ya kuwa imani yake ilikuwa ndogo. Paulo alimsihi Bwana mara tatu aondolewe mwiba wake, wala hakuondolewa (2 Wakorintho 12:7-10). Bwana wetu mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke, naye alikinywa (Mathayo 26:39). Nani atathubutu kusema ya kuwa hao walipungukiwa na imani? Pili, tusimsaidie kutafuta mwenye hatia. Shamba likikauka, watu huanza kunong’ona juu ya kikongwe fulani, na wengine huenda usiku kwa mpiga ramli. Huko hawaleti mvua, ila uadui tu, na mbuzi waliyempeleka harudi. Tatu, tusimlazimishe kusema amefurahi. Zaburi zina vilio vingi, na vilio hivyo ni sala.

Hata waliowahubiri wazee wetu walionja jambo hili. Misheni ya Augustana, ya Walutheri wa Marekani, ilifanya kazi Iramba na Turu tangu miaka ya 1920. Mwaka 1941 baadhi ya wamisionari wake walipanda meli ya Misri, jina lake Zamzam, waje Tanganyika. Bila shaka wengi waliwaombea safari njema. Lakini tarehe 17 Aprili meli ya vita ya Wajerumani iliipiga Zamzam kwa mizinga katika Atlantiki ya kusini. Abiria wakatolewa majini wakiwa hai, ila safari ile haikuwafikisha walikokwenda. Mmoja wao, Ralph Hult, alisafiri tena, akafika Tanganyika. Akafa huko mwaka 1943, hali mkewe na watoto wake wako Marekani. Hawakumwona tena.

Jamaa ile ingaliweza kuuliza, “Je, Mungu alimwokoa baharini ili afe nchi kavu?” Lakini binti yake, Ingrid Trobisch, aliyezaliwa Moshi mwaka 1926, naye alikuja kuwa mmisionari, katika nchi ya Kameruni. Mwaka 1964 alitoa kitabu cha habari za jamaa yao, na jina la kitabu maana yake ni kwamba wamo njiani, nao wanafurahi. Sidhani ya kuwa jina hilo lilipatikana bila machozi.

Paulo asema katika Wafilipi 4:11 ya kuwa amejifunza kuridhika. Angalieni neno hilo, kujifunza. Mtu hazaliwi na kuridhika. Hufundishwa polepole, kama mtoto afundishwavyo kusoma, herufi kwa herufi. Wala kuridhika si uvivu. Mwenye kuridhika huweka akiba ghalani, hupanda tena, na huomba mvua tena bila haya.

Kwa hiyo nawashauri wazazi mfanye hivi. Jioni, kabla ya kuomba lo lote, kila mtu nyumbani na ataje kitu kimoja alichopewa siku ile: maji ya kisima, jembe la kuazima, mtoto aliyepona homa. Kisha leteni haja zenu, pamoja na ile msiyojibiwa. Na aliyevuna amkumbuke asiyevuna, kwa maana huenda Mungu ataka kujibu ombi la mtu kwa mkono wako.

Yule mama nilionana naye tena baada ya miezi miwili. Akaniambia, “Mwalimu, yule jirani asiyesali alituletea madebe mawili ya mtama. Shamba langu bado lanililiza. Lakini jana usiku nilishukuru, na jina lake nimelitia katika maombi yangu.”

Wasomaji wapenzi, ulizaneni nyumbani mwenu: Ni ombi gani ambalo hatujajibiwa? Na ni nani aliyetutendea mema tulipokuwa tukingoja?

Bwana awalinde ninyi na watoto wenu.