Kalenga: Fuvu Tumelihifadhi, Makao Tumeyasahau

Pembezoni mwa London, penye msitu wa Epping, pana nyumba ya mbao iliyojengwa mwaka 1543 kwa amri ya Mfalme Henry wa Nane, ili yeye na wageni wake wapande juu watazame paa wakikimbizwa na mbwa. Na nyumba hiyo, ambayo asili yake haikuzidi jukwaa la anasa, imetunzwa karne baada ya karne, hata leo mgeni yeyote hupanda ngazi zake akasimama pale alipokusudiwa kusimama mfalme. Siwaonei Waingereza gere. Nauliza tu kwa nini sisi wa Nyanda za Juu Kusini, ambao mtawala wetu hakuwinda bali aliwindwa, hatujayapa makao yake hadhi kama hiyo.

Kalenga, takriban kilomita 15 kutoka Iringa mjini, ndipo alipokaa Mtwa Mkwavinyika, tumwitaye Mkwawa. Wahehe walipokwisha kulivunja jeshi la Emil von Zelewski huko Lugalo, mwezi Agosti 1891, Wajerumani walirejea na mizinga, wakaitwaa ngome tarehe 30 Oktoba 1894. Naye akaponyoka, akasakwa porini miaka minne, kichwa chake kimewekewa zawadi ya rupia 5,000, mpaka akajiua Mlambalasi mwezi Julai 1898 asitiwe mikononi mwao. Fuvu lake, lililopelekwa Ujerumani, likatajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919, lilirudishwa na Gavana Edward Twining mwaka 1954, akalipokea mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, na sasa limo katika makumbusho ya Kalenga.

Mgeni aghalabu huingia, akasimama mbele ya kioo, akanyamaza kama anyamazavyo mtu matangani, kisha akaenda zake. Safari yangu ya mwisho, mzee mmoja niliyemwamkia "kamwene" alinichukua nyuma ya jengo, akawa anachora kwa fimbo katika udongo mwekundu, baina ya mashina ya mahindi, njia uliyopita ukuta wa ngome. Tulitembea, tukatembea, wala hatukuumaliza, na kila alipopumzika alinionyesha kwa mkono upande wa Tosamaganga, ilikotokea mizinga. Hapo ndipo ukubwa wa mji ule uliponiingia moyoni.

Rai yangu, basi, ni kwamba njia ya ukuta ipimwe, iwekewe mawe ya alama, na wazee walipwe kuwatembeza wageni kwa miguu. Magari yaendayo Ruaha kutazama tembo hupita hapo hapo Kalenga; na mabasi ya wanafunzi watokao Mbeya, yanaposimama Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, ili watoto wapate chakula, hayana ila kupandisha mjini na kuendelea kidogo tu. Lakini haya yafanywe hima, maana wanaoijua njia ile wamebaki wachache, na kila msimu wa kulima jembe hupita tena juu yake.